Mama Atatoka wa Mwisho

Nyumba ya Mama, chumba cha mbele,
Mtaa wa Juu.
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Kabla hujanifokea, nisamehe. Najua nimekaa kimya mpaka umejiuliza kama nimekufa au nimepata utajiri. Sijapata bahati ya lolote kati ya hayo mawili. Kila nikishika kalamu mtoto analia, na akinyamaza yeye nalia mimi, basi karatasi inarudi kwenye droo. Leo watoto wote wawili wamelala baada ya chakula cha mchana, mlango nimeuegemezea kiti, na nimeapa sinyanyuki hapa mpaka nimalize.

Hujambo lakini? Miguu yako vipi, bado inavimba ukisimama zamu nzima? Baridi ya huko umeizoea au bado unalala na soksi? Nakuomba ule vizuri. Nakujua wewe, ukichoka unakunywa chai halafu unaita hicho chakula.

Sisi ni wazima, maana tunapumua. Mkubwa wangu ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anajiona mtu mzima, anataka kukaa kwenye kiti cha Baba. Mdogo, yule uliyempa jina la Kibonge kwa zile picha nilizokutumia, siku hizi Kibonge ni jina tu. Nitakueleza. Baba Watoto yuko njiani na lori kama kawaida yake, anaingia na kutoka kama mgeni, ila akiwepo anaosha vyombo bila kuambiwa, kwa hiyo simsemi.

Nimeandika badala ya kupiga simu, na nimefanya makusudi. Kwenye simu tungefika nusu ya habari, ungepandisha sauti, ningepandisha yangu, na mmoja wetu angekata. Barua haikatwi. Isome mpaka chini, hata kama unaichukia, ndipo uamue la kufanya. Atakayekukabidhi ni binti wa jirani yetu muuza mkaa, yule muuguzi. Anarudi mwisho wa mwezi ujao na ameniahidi nafasi kwenye begi lake.

Naanza na lililo jepesi. Baba si meya tena. Ameacha mwenyewe. Mimi nilikuwa darasa la pili alipochaguliwa mara ya kwanza, na sasa nina mtoto anayekaribia kuanza darasa hilo hilo, kwa hiyo umri wangu wote wa akili nimekuwa binti Meya. Watu bado wanamwita Mheshimiwa kwa mazoea, halafu wanajikumbuka na kunyamaza.

Nyumba ya halmashauri tumeirudisha. Ndiyo maana hapo juu umeona Nyumba ya Mama, hii ya vyumba viwili aliyoachiwa na wazazi wake. Wapangaji walishahama. Paa linavuja juu ya jiko na upande wa kitanda changu, sakafu imepasuka, na dirisha la nyuma linafungwa kwa kamba. Samani zote nzuri zilikuwa mali ya mji, tumeziacha kule. Vitu vya Baba mwenyewe vimeenea kwenye mkokoteni mmoja: kitanda, kabati la Mama, redio, na katoni iliyojaa mikasi. Unaikumbuka ile mikasi ya kukatia utepe? Kila alipofungua kitu walimpa mmoja aondoke nao, na hakutupa hata mmoja.

Sasa lililo zito. Vuta kiti.

Unajua tabia yake ya kuanza yeye. Kitu chochote kipya cha mji lazima akijaribu yeye kwanza, watu wakiona. Kisima kirefu kilipochimbwa alikunywa maji mbele ya umati mpaka tumbo likamuuma. Daraja la miguu lilipokwisha alilivuka na mfuko wa saruji begani. Kliniki ya meno ilipofunguliwa aling'olewa jino lisilo na shida yoyote, akawainulia watu walione kama kombe la mpira. Na vile vyoo vya stendi! Wewe ndiye uliyenisimulia: aliingia, umati ukasubiri nje, na alipotoka wakampigia makofi. Mama alikuwa akimtania mezani, "Na siku mkifungua gereza jipya, mheshimiwa, nikufungashie nguo ngapi?" Baba alicheka mpaka chai ikamwagika. Alisema kazi ya meya ni kuonja.

Kwa hiyo makaburi ya zamani yalipojaa, halmashauri ikatenga ule uwanja ulio juu kidogo ya Mtaa wa Bondeni, na watu wote wakaukataa. Hakuna aliyetaka mzazi wake akalale peke yake kwenye majani. Mwezi ule ule Mama akafariki. Ilikuwa imebaki nafasi moja tu kule kwa zamani, kando ya Bibi, karibu na ukuta, ambayo familia iliitunza kwa yeyote kati ya Baba na Mama atakayetangulia. Mama alikwambia kwa mdomo wake kwamba angependa kulala pale. Baba akampeleka uwanja mpya, awe wa kwanza. Wewe hukuweza kuja kwa ajili ya karatasi zako za ukaazi, ukaona mazishi ya mama yako kwenye simu inayokatika katika, na siku ile ile ukampigia ukamwambia, "Umemfanya Mama utepe wa kukata." Tangu hapo hujasema naye.

Sikukumbushi ili uone aibu. Lishike tu hilo neno lako, tutalirudia.

Tulimzika kiangazi, ardhi imekauka kama biskuti. Hakuna aliyengoja mvua ipite hata mara moja aone maji yanakwenda wapi. Afisa wa ardhi wa mji alikuwa ametaka lichimbwe shimo la majaribio likae msimu mzima. Watu wakamcheka. Meya kamlaza mkewe pale, wewe shimo la nini? Baada ya Mama wakaanza kuleta wao, mmoja mmoja, kisha wengi, na safu zikanyooka kama madawati ya darasani. Baba alikuwa akipita kila Ijumaa kumsalimia Mama na kuangalia safu zake. Alikuwa anajivunia, Dada. Ndiyo kweli, na ndiyo inayouma.

Mvua za mwaka huu zimekuwa mbaya. Uwanja wote uligeuka uji. Kwanza matuta yalididimia, tukasema ni kawaida ya udongo mpya. Kisha mwanamke mmoja aliyekwenda kukata majani ya ng'ombe akakuta kona ya jeneza imechomoza. Alikimbia mpaka sokoni bila viatu. Watu walipokwenda kuangalia wakaona maji yamesimama katikati ya safu, meusi, yanatembea taratibu kuelekea chini, na chini ndiko kuna visima vya Bondeni.

Harufu sitaieleza. Nitasema tu kwamba mpaka leo siwezi kufua nguo zilizokaa na unyevu bila kutoka nje kwanza.

Watoto wakaanza kuugua. Kwetu huku Mtaa wa Juu tuna bomba, lakini lilikuwa kavu wiki ile, nami nikanunua maji kwa yule wa mkokoteni kama kila mtu. Aliyateka Bondeni. Kibonge alianza kuharisha asubuhi, kufika jioni macho yamezama na ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Wodi ya watoto ilikuwa imejaa mpaka kwenye ukumbi, wawili kitanda kimoja. Mwenzangu wa kitanda alikuwa mke wa fundi cherehani wa Bondeni, na kabinti kao. Tulilala miguu kwa vichwa, sisi wawili na watoto wetu katikati, tukiwanywesha kwa kijiko. Alikuwa akinitazama na kusema kwa sauti ya chini, "Wako anakunywa. Wangu hataki." Nikamwambia jaribu tena. Akajaribu tena. Wangu akaendelea kunywa.

Binti yao alifariki pale pale, mguu wake ukiwa juu ya mkono wangu. Sikuuondoa mpaka mama yake alipouondoa mwenyewe.

Baba alikuwa akija hospitali kila siku, anasimama nje ya mlango wa wodi, haingii. Fundi cherehani alipotoka amembeba mtoto kwenye shuka alimkuta hapo. Mimi nilikuwa nyuma yao. Fundi hakupiga kelele. Aliuliza tu kama mtu anayeuliza njia, "Mheshimiwa, nikamzike wapi? Kule kwenye maji?"

Baba alimtazama mtoto ndani ya shuka. Kisha akasema, "Ninayo nafasi moja. Twende."

Ndiyo, Dada. Ile ile. Kando ya Bibi, karibu na ukuta. Ile uliyokuwa ukiniandikia kila mara kwamba siku moja tutamhamishia Mama. Sasa amelala hapo mtoto wa fundi cherehani. Hili ndilo lililonifanya niogope kukuandikia, na si kwamba nimekosa kalamu. Nilijua utasema Baba amegawa mahali pa Mama mara ya pili. Labda ni hivyo. Lakini nilikuwepo, niliuona uso wa Baba, na kama angeniuliza mimi ningempa jibu lile lile. Kama unataka kukasirika kwa hilo, nikasirikie na mimi.

Baada ya hapo mambo yakawa mabaya mjini. Watu hawakutupiga mawe, hapana. Walinyamaza. Baba akipita dukani mazungumzo yanakatika. Mimi nikifika kwenye bomba wanawake wananiachia njia kwa heshima ya kejeli. "Mpisheni binti Meya, kwao lazima waanze wao." Mwanzoni nilijibu. Halafu nikaacha, najaza ndoo yangu naondoka. Siku moja mke wa fundi alikuwepo, ana ndoo yake mkononi, akawageukia: "Huyu tumelala naye kitanda kimoja. Mwacheni." Hakunitazama. Sijui kama amenisamehe au alichoka tu kusikia kelele.

Naibu wa Baba, yule tunayemwita Tabasamu, alikuja nyumbani kumshauri atoe sababu gani ya kuacha umeya. Niliwapelekea chai nikabaki mlangoni na mtoto mgongoni, kwa hiyo hili silisimulii kwa kusikia.

"Sema presha, Mheshimiwa," akamwambia. "Umri wako nani atabisha? Kila mtu ana presha."

"Presha ninayo," Baba akasema. "Siyo inayoniondoa."

"Basi sema unakwenda kupumzika."

"Nipumzike vipi, na watu wangu wamelala majini?"

Tabasamu akanywa chai, akatabasamu, akasogeza kiti karibu. "Na kuhusu mama. Makaburi itabidi yahamishwe. Tumtoe yeye wa kwanza, Alhamisi, kimya kimya, kabla watu hawajaanza kupanga foleni. Kwa heshima yake. Hakuna atakayelalamika."

Baba aliweka kikombe chini polepole sana. "Aliingia wa kwanza kwa ajili yangu. Hatatoka wa kwanza kwa ajili yangu. Wote watoke. Mama atatoka wa mwisho."

Siku ile ndiyo niliyoona meno ya Tabasamu yakifichwa na midomo yake.

Nilitaka kumrukia, Dada. Nilitaka kumwambia Baba, hata sasa? Hata sasa hujamwuliza? Lakini nilikuwa na mtoto mgongoni aliyetoka tu hospitali, na kule bondeni kulikuwa na wanawake wenzangu ambao nao wana mama zao majini na hawana naibu wa kuja kunywa chai na kuwapangia Alhamisi. Nikarudi jikoni. Nimelifikiria sana tangu hapo. Mara ya kwanza Baba alimtumia Mama ili watu wamfuate. Safari hii hakuna anayemfuata mtu. Anangoja zamu tu, kama wengine. Naona kuna tofauti, ila sikulazimishi uione.

Mkutano wa halmashauri ulifanywa ukumbini, milango wazi, watu wamejaa mpaka madirishani. Nilikaa nyuma. Baba hakupanda jukwaani. Alisimama chini, usawa wa viti, bila karatasi, na alisema maneno machache ambayo nimeyashika kwa sababu nilijua nitakuja kukuandikia.

Alisema alidhani kuanza yeye ni ujasiri. "Nilimlaza mke wangu pale ili msiulize. Na hamkuuliza. Hata yeye mwenyewe sikumwuliza. Binti yangu mkubwa aliniambia nimemfanya mama yake utepe wa kukata. Nikamkatia simu. Alisema kweli."

Hivyo, mbele ya mji mzima. Hakusema "binti yangu mmoja" wala "watu wengine wanasema". Alisema binti yangu mkubwa.

Kisha akaanza kuvua ule mkufu wa umeya. Ukanasa kwenye kifungo cha shati. Akahangaika nao, na hakuna aliyekwenda kumsaidia. Karani wa mji alinyanyuka nusu, akaangalia kulia na kushoto, akaketi. Hatimaye kifungo kilikatika na mkufu ukatoka. Akauweka mezani. Hakuna aliyepiga makofi, wala hakuna aliyezomea. Mtu mmoja tu alipaza sauti kutoka dirishani: "Umemaliza? Sasa nani atawatoa?"

"Kesho asubuhi nitakuwa pale," Baba akasema.

Na amekuwa pale. Kila asubuhi anakwenda kwa miguu, amevaa suruali yake ya suti kuukuu, kwa sababu suruali ya kazi hajawahi kuwa nayo. Wanahamishia kilimani, pale palipokuwa patengenezwe uwanja wa mpira wenye jina lake. Safari hii afisa wa ardhi alichimba kwanza shimo lake la majaribio, akamwaga maji, akangoja, na hakuna aliyecheka. Ni pakavu, lakini ni mawe matupu, nyundo na mtaimbo tangu asubuhi, kwa hiyo kazi inakwenda taratibu. Wafanyakazi wa mji wamepewa buti za mpira na glavu. Baba si mfanyakazi wa mji tena, hakupewa. Anafunga mifuko ya plastiki miguuni juu ya viatu. Akirudi nakuta vidole vimekuwa vyeupe na vimekunjamana kama vya mtu aliyeoga siku nzima, na pale penye mikwaruzo panaanza kutoa usaha. Nasafisha, nafunga kitambaa, kesho anakwenda tena. Hata jirani akimtemea mate njiani anajifuta anaendelea.

Fundi cherehani ndiye anayeshona vitambaa vya kufunikia, maana majeneza mengine yameoza kabla ya wakati wake. Anashona bila malipo. Baba alimpelekea ile katoni ya mikasi. Fundi akaujaribu mmoja, akaujaribu wa pili, akairudisha kwenye katoni. "Hii ya maonyesho," akasema. "Haikati kitu." Baba alicheka. Ndicho kicheko pekee nilichosikia kwake mwaka huu, na hakikuwa kizuri kukisikia.

Amekonda. Jioni anakaa kizingitini, Mkubwa anamkalia pembeni na kumwuliza maswali. Juzi alimwuliza, "Babu, Bibi amelowa?" Nilisimamisha mwiko. Baba akamjibu, "Ndiyo, mjukuu wangu. Tunamtoa." Basi. Hakumwongezea uongo wowote. Mkubwa akafikiri kidogo, akasema tumchukulie taulo.

Jambo moja hajaliacha. Maji nikiyachemsha na kuyapooza, lazima anywe yeye kwanza. Anakaa na kikombe, anajisikiliza tumbo, mtoto analia kwa kiu na mimi nimesimama na chupa mkononi nikikaribia kupasuka, ndipo anasema, "Mpe." Nilimgombeza mara moja. Sikurudia.

Haya, Dada. Nimekueleza yote. Sasa nakwambia langu, kama mdogo wako na kama mama ambaye hana tena nguvu ya kubembeleza mtu mzima.

Zamu ya Mama itafika kabla ya mvua zijazo, yaani bado kuna muda, lakini si mwingi. Baba amesema hataki mfanyakazi wa mji amguse. Atabebwa na watu wake. Nimepiga hesabu ya watu. Yupo Baba, yupo Baba Watoto ambaye ameshaomba ruhusa, nipo mimi. Shangazi ana magoti yake, Mjomba hata ndoo hainui. Jeneza lina pembe nne. Fundi cherehani alikuja mwenyewe kuniambia atashika ya nne. Nilimshukuru mpaka machozi yakanitoka, kisha nikamwambia hapana, ile ina mwenyewe.

Karatasi zako umeshapata, uliniambia kwa furaha mwezi wa tatu. Kwa hiyo hapo hakuna kisingizio. Kama sababu ni zamu za kazi, omba. Kama sababu ni Baba, sikwambii umsamehe. Hasira yako ni ya haki, hata yeye amesema hivyo mbele ya mji. Usiiache huko. Panda nayo ndege, uje nayo, ukamwambie usoni ukitaka, nitawatoa watoto nje. Ila ukishamwambia, uinue upande wako.

Sitakudanganya kwamba utakuja kuona kitu kizuri. Hatujui tutakuta nini. Mama aliingia wa kwanza na atatoka wa mwisho, atakuwa amekaa majini kuliko wote. Mimi mwenyewe naogopa, na ninataka kuogopa nikiwa na wewe kando.

Baba hajaniomba nikuandikie hili. Anajua tu kwamba naandika, kwa sababu amepita dirishani mara mbili akijidai anatafuta nyundo. Nyundo iko kilimani.

Msalimie sana Shemeji, umwambie sijasahau ahadi yake ya kuja kunifundisha kuendesha gari, ingawa gari lenyewe lilikuwa la mji na halipo tena. Mbusu mpwa wangu yule mrefu, aache kukua kabla sijamwona. Shangazi anakusalimu na magoti yake. Mjomba anakusalimu na kusema umletee dawa ya mgongo, mimi nimemwambia mgongo unataka kazi. Mke wa muuza mkaa anakusalimu. Watoto wakiamka watakusalimu kwa kelele.

Mungu akushike mkono barabarani na kazini, akupe usingizi, na asiruhusu yanayotupata huku yakufuate huko.

Mdogo wako, anayekupenda hata ukinuna,
Kitinda Mimba.

Hivi ndivyo vitu ambavyo bado nahitaji, visizidi begi moja:

Kitambaa cheupe cha pamba, kizito, kadiri utakavyoweza. Kisiwe cha kung'aa.

Sindano za cherehani za kushonea nguo nzito, pakiti mbili, na mkasi mmoja wa fundi, unaokata kweli.

Glavu za mpira ndefu, za kufika kwenye kiwiko.

Dawa ya vidonda vya miguu vilivyokaa majini. Mwulize mfamasia wa huko, mweleze kama nilivyokueleza.

Unga wa chumvi na sukari wa kuwachanganyia watoto wanaoharisha, wa Kibonge na wa kugawa Bondeni.

Taulo moja kubwa. Mkubwa ameshaniuliza mara tatu na nimeshamwahidi.

Buti za mpira jozi tatu. Za Baba namba 43. Zangu namba 38. Za tatu sikuandikii namba, mguu wako unaujua mwenyewe, na hizo usimpe mtu abebe: njoo umezivaa.